Kuupiga wimbo wa boi bendi kwa roki nzito: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua wimbo hadi jukwaani

Bendi nyingi za roki zikigusa wimbo wa boi bendi (kundi la vijana wa kiume wanaoimba pop) huufanyia mzaha. Mwimbaji anakunja uso, mpiga ngoma anachekacheka, gitaa zinanguruma dakika tatu, wasikilizaji wanacheka mara moja na hawaurudii tena. Mwongozo huu ni wa bendi inayotaka zaidi ya hapo: kava (wimbo wa wengine uliopigwa upya) ambayo aliyeupenda wimbo akiwa mwanafunzi ataisikia mwili umsisimke, na ambaye hakuwahi kuupenda atausikia uchungu uliokuwa umelala chini ya zile sauti laini.

Nimepiga gitaa la pili kwenye bendi ya namna hii kwa miaka kadhaa. Kava zetu mbili za kwanza zilikufa ukumbini kwa sababu moja: tulijiona wakubwa kuliko nyimbo zenyewe. Ya tatu tuliipiga kwa heshima, na ndiyo watu wanayoiomba hadi leo. Karibu kila ninachoeleza hapa nilikijua kwa kulinganisha hizo tatu.

Jua unachokishika

Nyimbo nyingi kubwa za boi bendi za mwisho wa miaka ya 1990 zilitoka chini ya paa moja: studio ya Cheiron jijini Stockholm, Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Denniz PoP na Tom Talomaa. Humo ndimo alimolelewa kikazi Max Martin, na Max Martin, kabla ya kuwa mtunzi wa pop, alikuwa mwimbaji wa It's Alive, bendi ya metali. Ukizisikiliza nyimbo zake ukilijua hilo utaanza kusikia mambo: viitikio vinavyopanda kama vya roki ya viwanjani, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) chache zinazojirudia, na melodi inayoegemea upande wa huzuni hata pale wimbo unapotabasamu. Ukiuwekea distoshani (ule mkwaruzo wa gitaa la roki) wimbo wa aina hiyo, unaupeleka alikotoka mtunzi wake.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni "I Want It That Way" ya Backstreet Boys, ya mwaka 1999, iliyotungwa na Max Martin pamoja na Andreas Carlsson. Maneno yake yamewachanganya watu tangu siku ya kwanza, kwa sababu hayakai sawasawa kimantiki. Toleo lenye maneno yaliyonyooka zaidi lilirekodiwa, lakini kundi likashikilia lile la awali kwa kuwa ndilo lililosikika vizuri. Liweke hilo akilini unapoanza kazi. Nguvu ya wimbo huu imo kwenye melodi na kwenye mlio wa silabi, na ukiigusa melodi umebaki na kelele tu.

Hatua ya 1: Chagua wimbo kwa mdomo mtupu

Uimbe kiitikio peke yako, bila ala, mahali pakimya. Kama bado kinakushika, wimbo unafaa. Kama ulichokuwa unakipenda kilikuwa ni mdundo wa densi, sauti ya sinteza au mitindo ya kucheza kwenye video, utagundua hapohapo, maana kitakachobaki mdomoni ni kidogo sana.

Baada ya hapo angalia kama kiitikio kina noti ndefu. Sauti inayoshindana na gitaa mbili zenye distoshani inahitaji mahali pa kutanuka, na silabi fupifupi zilizobanana humezwa. Nyimbo zilizojengwa juu ya kodi za huzuni hukubali uzito kwa urahisi zaidi kuliko zile za furaha tupu, ingawa za furaha nazo zinawezekana ukiwa tayari kubadili kodi zilizo chini ya melodi. Kwa kava ya kwanza nakushauri usijitafutie taabu hiyo.

Usiogope kwamba wimbo umeshapigwa na wengine. Kampuni ya rekodi ya Fearless Records ilianzisha mfululizo wa Punk Goes Pop, albamu za bendi za roki zinazopiga nyimbo za pop, mwaka 2002, na kwenye ile ya kwanza tayari bendi ya Further Seems Forever ilikuwa imeipiga "Bye Bye Bye" ya NSYNC. Njia hii imekanyagwa sana. Anachokuja kusikiliza mtu ni namna yenu ya kuipita.

Hatua ya 2: Chora ramani

Chukua karatasi. Sikiliza rekodi ya asili mara tatu, kila mara kwa sikio tofauti.

Mara ya kwanza andika umbo: utangulizi, ubeti, kiitikio, daraja (sehemu tofauti kabla ya kiitikio cha mwisho), na idadi ya baa (mafungu ya mapigo manne) za kila sehemu. Mara ya pili andika kodi. Mara ya tatu, ambayo bendi nyingi huiruka, andika sauti: nani anaongoza ubeti upi, sauti za pili zinaingia neno gani, zipo juu au chini ya melodi, wapi wote watano wanaimba pamoja. Boi bendi ni kazi ya sauti kadhaa zinazopokezana, na hiyo ramani ya sauti ndiyo mali yenu kubwa. Nitarudi kwayo.

Wimbo wetu wa mfano uko kwenye ufunguo wa A kubwa (meja), lakini huanzia kwenye kodi ya huzuni: F# ndogo (maina), D, A. Kodi tatu tu zinabeba sehemu kubwa ya wimbo, na karibu na mwisho kila kitu kinapanda toni nzima kwa kiitikio cha kufungia. Ramani ikikaa sawa, kazi inayofuata inakuwa nyepesi mno.

Hatua ya 3: Ufunguo na tyuni

Hapa tulipoteza wiki mbili kwa kava ya kwanza, kwa sababu tulipiga kwenye ufunguo wa asili huku gitaa zikiwa kwenye tyuni (jinsi nyuzi zinavyokazwa) ya kawaida. Ilisikika kama pop iliyopigwa kwa sauti kubwa. Uzito unaanza unapoiweka kodi muhimu kuliko zote kwenye uzi wa wazi, yaani usiobonyezwa, wa chini kabisa.

Tyuni rahisi ni drop D: unaulegeza uzi wa sita toni nzima, kutoka E hadi D, na nyingine unaziacha. Uzi huo sasa unalia kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 73.4 badala ya 82.4. Faida yake ni kwamba nyuzi tatu za chini zikiachwa wazi zinatoa D, A na D, kodi kamili ya noti mbili, na popote unapotaka kuisogeza unalaza kidole kimoja.

Sasa uchukue wimbo. Kodi inayofungua ni F# ndogo, na tunataka iangukie kwenye D. Kutoka F# kushuka hadi D ni nusu toni nne, kwa hiyo wimbo mzima unashuka nusu toni nne: A kubwa inakuwa F kubwa, na kodi zinakuwa D ndogo, Bb, F. Kwenye uzi wa sita hizo ni uzi wa wazi, freti ya 8 na freti ya 3, freti zikiwa ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa. Ukitaka kwenda chini zaidi, teremsha nyuzi zote toni nzima kutoka drop D, upate drop C. Vidole vinabaki palepale na wimbo unakuwa C ndogo, Ab, Eb.

Kabla hujaamua, muulize mwimbaji. Wimbo ulioshushwa nusu toni nne hugeuza ubeti kuwa wa chini sana na kiitikio kuwa cha kustarehe, na kiitikio cha kustarehe hakichomi. Sisi tuliacha ubeti ushuke mpaka uwe karibu na mazungumzo, kisha kwenye kiitikio cha mwisho mwimbaji akapanda oktava. Mwingine angechagua ufunguo wa juu zaidi na kuhamisha rifu (kifungu cha gitaa kinachojirudia). Mkivutana kati ya gitaa na koo, koo lishinde.

Jambo la vifaa: kwa drop D seti ya nyuzi inayoanza na 0.010 ya inchi inatosha, hasa yenye uzi mnene wa chini. Kwa drop C tafuta inayoanza na 0.011 au 0.012, la sivyo nyuzi zitalegea na kila noti itaanza juu ya sauti yake kabla ya kutulia. Ukibadili unene, rekebisha daraja la gitaa mpaka noti ya freti ya 12 iwe oktava kamili juu ya noti ya uzi wa wazi. Gitaa lisilolingana ndilo linaloifanya bendi nzuri isikike ya wanaojifunza.

Hatua ya 4: Mwendo

Kishawishi cha kwanza cha kila bendi ni kukimbia. Wakati mwingine ni sawa, lakini wimbo wa mapenzi ukikimbizwa hugeuka katuni. Jaribu kwanza kuuacha mwendo ulivyo na kubadili mahali pa kupiga sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali).

Wimbo wa mfano unakwenda mapigo karibu 100 kwa dakika, sneya ikianguka kwenye pigo la 2 na la 4. Iondoe huko, ipige mara moja tu kwa baa, kwenye pigo la 3. Hesabu haijabadilika, mwimbaji anaimba vilevile, lakini mwili unasikia mwendo wa 50, mzito kama mtu anayebeba mzigo mlimani. Kwenye ubeti hilo peke yake linatosha. Kiitikio kikija, rudisha sneya kwenye 2 na 4, na watu watahisi wimbo umefunguka japo hakuna aliyeongeza kasi.

Kupiga ngoma ya mguu kwa miguu miwili nako hutaka hesabu kabla ya ujasiri. Kwa mapigo 100, noti za kumi na sita ni mapigo 400 ya ngoma ya mguu kwa dakika, 200 kwa kila mguu. Mpiga ngoma mwenye mazoezi anaweza. "Bye Bye Bye" inakwenda kama 172, na hapo noti zilezile ni karibu 690 kwa dakika. Mwambie apige za nane, inatosha kabisa.

Hatua ya 5: Gitaa, na ile noti inayopotea

Kodi ya kawaida ina noti tatu: mzizi, ya tatu na ya tano. Ya tatu ndiyo inayosema kama kodi ni ya furaha au ya huzuni. Wapiga roki nzito huiondoa na kubaki na mzizi na ya tano, pawa kodi, na sababu yake ni ya kifizikia. Distoshani inapozikutanisha noti mbili huzaa nyingine mpya, mojawapo ikiwa ni tofauti ya mitetemo yao. D ya chini ni hezi 73.4, na A iliyo juu yake ni 110. Tofauti yao ni kama 36.6, ambayo ni karibu kabisa na D nyingine, oktava chini. Amplifaya inakuzalishia besi bure. Ukiongeza F katikati, hezi 87.3, inazaa tofauti za hezi 14 na 23 hivi, zisizolingana na chochote, na kodi inageuka matope.

Kwa hiyo unapopiga pawa kodi unapata ukubwa, lakini unaipoteza noti iliyobeba hisia za wimbo. Kwenye roki ya kawaida si shida. Kwenye wimbo wa boi bendi ni shida kubwa, kwa sababu hisia ndiyo sababu ya watu kuupenda. Lazima mtu mwingine airudishe, na wa kuirudisha ni sauti. Zile sauti za pili na za tatu ulizoziandika kwenye ramani mara nyingi zinaimba hasa noti ambayo gitaa limeiacha. Bendi inayoziondoa ili ionekane kali imelitoa moyo lile kava kwa mikono yake.

Tuliposhika hilo, mpangilio wa gitaa ulikuja wenyewe:

Gitaa la kwanza linashika pawa kodi chini. Kwenye ubeti ziba nyuzi kwa ubavu wa kiganja karibu kabisa na daraja la gitaa, upate ule mlio wa kugonga, na uuache wazi mwishoni mwa kila mstari tu, pale mwimbaji anapopumua. Kwenye kiitikio acha kodi ziende ndefu. Usijaze kila nafasi.

Gitaa la pili lisirudie la kwanza. Lipige oktava juu ya freti ya 7, au kodi zilizovunjwa noti moja moja kwa sauti safi, zikiwa na ile ya tatu. Utangulizi wa wimbo wa mfano ni gitaa linalochezewa vidole peke yake. Tuliuacha hivyohivyo kwa baa mbili, safi kabisa, ndipo kila mtu akaingia. Ukimya huo wa mwanzo unafanya kazi ambayo hakuna pedali inayoweza kuifanya.

Kuhusu gaini (kitasa kinachoongeza distoshani): punguza. Tafuta sauti unayoipenda ukiwa peke yako chumbani, kisha rudisha kitasa nyuma kwa robo. Distoshani nyingi mno inabana sauti mpaka pigo laini na pigo kali vinalingana, na hapo mkono wako haumaanishi kitu tena. Sauti za kati usizikate. Huko ndiko gitaa linakoishi, na ukizikata utapotea mara tu besi na matoazi vikianza.

Hatua ya 6: Besi na ngoma

Besi ifuate ngoma ya mguu kwenye ubeti na ifuate melodi kwenye daraja. Ikiwa na nyuzi nne, drop D nayo inatosha. Ipige kwa pleka (kijikipande cha kupigia nyuzi) kama gitaa zinaziba nyuzi. Vidole vitachelewa kusikika.

Mpiga ngoma asikilize rekodi ya asili kwa makini, kwa sababu pop ya Cheiron ilikuwa na nidhamu kali ya nafasi: vitu vinaingia na kutoka baa nane kwa nane, na hakuna kinachopigwa kwa kuwa mkono umewasha. Weka majazo (mapigo ya kujaza nafasi) marefu mahali pawili tu, kuelekea kiitikio cha pili na kutoka kwenye daraja. Sehemu nyingine pigo moja la toazi linatosha.

Hatua ya 7: Sauti

Anza na mwimbaji mkuu aimbe wimbo wote kwa sauti yake ya kawaida, taratibu, gitaa moja likimsindikiza, hadi aumiliki. Asimuige mwimbaji wa asili na asiigize ukali. Akishauimba kwa kumaanisha, ndipo mnaanza kuamua wapi pachanike.

Kupiga mayowe kila mahali ni kosa kubwa kuliko yote ninayoyasikia kwenye kava za namna hii. Yowe halina noti, na tumeshakubaliana kwamba noti ndizo zinazobeba wimbo. Mahali pake pazuri ni mwisho wa mstari, kama mwangwi wa neno la mwisho, au chini ya melodi: mmoja anaimba, mwingine anaunguruma maneno yaleyale nyuma yake kwa sauti ya chini kidogo. Msikilizaji anashika melodi na anahisi ghadhabu kwa wakati mmoja. Kwenye kava yetu kuna yowe moja tu refu, mwishoni mwa daraja, na kwa kuwa ni moja watu hulingoja.

Sauti za pamoja zipangwe hivi. Waimbaji wawili wakipatikana, wa pili aimbe theluthi (noti ya tatu ukihesabu kuanzia ile ya melodi) juu ya melodi kwenye kiitikio. Wakiwa watatu, wa tatu achukue ya chini. Hawalazimiki kuwa waimbaji wazuri. Wanalazimika kuwa kwenye noti na kumaliza maneno pamoja. Kaeni chini bila ala, mtu mmoja ashike D kwenye gitaa, na muimbe kiitikio mara kumi mkisikiliza herufi za mwisho. Kikundi kikikata "t" na "s" kwa wakati mmoja husikika kikubwa maradufu. Boi bendi hufanya mazoezi haya kwa saa nyingi, na sioni sababu ya bendi ya roki kuyadharau.

Neno kwa anayeunguruma: pasha koo joto dakika kumi hadi kumi na tano, nguvu itoke tumboni, na kusiwe na maumivu hata kidogo. Ukihisi mwasho au sauti ikikauka, umemaliza kwa siku hiyo. Maji yasipungue. Sauti ikibaki na mkwaruzo zaidi ya wiki mbili au tatu, nenda kwa daktari wa koo.

Hatua ya 8: Daraja na kupanda kwa ufunguo

Hapa kuna uamuzi mgumu. Wimbo wa asili unapanda toni nzima kabla ya kiitikio cha mwisho. Kwenye pop ni kama pazia kufunguliwa. Kwenye drop D inamaanisha kodi yako kuu inahama kutoka uzi wa wazi hadi freti ya 2, na unapoteza ule mlio wa chini kabisa pale unapouhitaji zaidi.

Mna njia mbili. Ya kwanza ni kupanda hivyohivyo na kukubali hasara, sauti zikibeba furaha yote. Kodi zinakuwa E ndogo, C, G. Ya pili, ambayo ndiyo niliyoipigania kwenye bendi yetu, ni kubaki kwenye D na kuuweka uzito mahali pa kupanda: baada ya daraja kila kitu kinanyamaza pigo moja zima, kisha baa nne za breikidauni (kipande kizito cha polepole), gitaa zote na ngoma ya mguu zikigonga pamoja kwenye D ya wazi, sneya kwenye pigo la 3, bila maneno. Kiitikio kinachofuata mwimbaji anakipandisha oktava. Msikilizaji anapata hisia ileile ya kuinuliwa, ila safari hii ameinuliwa kutoka shimoni.

Hatua ya 9: Mazoezi

Zoezi la kwanza lifanyike kwa sauti ndogo, kila mtu akiwa na ramani mkononi. La pili kwa metronomu. Rekodini kila zoezi kwa simu na msikilize kesho yake, si usiku uleule.

Linda masikio. Mwongozo wa kiafya unaotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Chumba cha mazoezi chenye desibeli 100, jambo la kawaida kabisa, kinakupa dakika 15. Vaeni vizibo vya masikio vya wanamuziki, wote, kuanzia zoezi la kwanza.

Hatua ya 10: Kurekodi

Anza na ngoma, mpigaji akisikia metronomu na gitaa la kumwongoza. Kisha besi, gitaa, na sauti mwisho.

Gitaa la chini lirekodi mara mbili, kwa kulipiga upya. Kunakili rekodi moja hakusaidii. Moja iende kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Tofauti ndogondogo kati ya mapigo mawili ndizo zinazotoa upana. Ukinakili, masikio yatasikia kitu kimoja katikati. Rekodi pia mawimbi safi moja kwa moja kutoka kwenye gitaa kabla ya amplifaya, ili ukijutia sauti uliyochagua uweze kuipitisha upya bila kumwita mpigaji.

Kwenye kumiksi (kusawazisha sauti zilizorekodiwa), kata gitaa chini ya hezi 80 hadi 100, maana huko ni nyumba ya besi na ngoma ya mguu. Matope ya gitaa huwa kati ya 250 na 400. Punguza kidogo kidogo. Ngoma ya mguu isiyosikika kati ya gitaa inahitaji kuongezwa kidogo kwenye hezi 3,000 hadi 5,000, pale panapolia kugonga kwa nyundo, wala si besi zaidi. Besi igawanye njia mbili: moja safi kwa ajili ya chini, nyingine yenye distoshani iliyokatwa chini yote.

Sauti ya mwimbaji iwe mbele kuliko ulivyozoea kwenye roki. Rekodi sauti za pili mara mbili kila moja na uzitandaze pembeni. Kwenye kava hii zinastahili nafasi sawa na gitaa, kwa sababu zimeshika ile noti ya tatu.

Kwa mastaringi (hatua ya mwisho ya kukamilisha rekodi) usibanebane. Spotify na YouTube hushusha kilichozidi kiwango cha karibu −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo ukali wa ziada unaishia kupotezea ngoma nguvu zake.

Hatua ya 11: Haki

Wimbo una haki za aina mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, maneno na melodi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe. Mkirekodi kwa mikono yenu hamhitaji ruhusa ya mwenye rekodi ya asili, mradi hamchukui kipande chake chochote, hata sekunde moja ya sinteza. Watunzi ni lazima walipwe.

Kutoa kava kwenye majukwaa ya kusikiliza na kununua muziki kunahitaji leseni ya kunakili utunzi, na kampuni nyingi za kusambaza muziki zina utaratibu wa kava. Jaza majina ya watunzi jinsi yalivyo. Sheria ya Marekani huwaruhusu wanamuziki kupata leseni hiyo kwa wimbo uliokwisha kutolewa, na kuupanga upya kwa mtindo wao, bila kubadili melodi ya msingi wala tabia yake. Kiwango chake kwa nakala zilizouzwa mwaka 2025 kilikuwa senti 12.7 kwa wimbo usiozidi dakika tano. Nchi nyingine zina vyama vyao vya hakimiliki na taratibu zao, kwa hiyo ulizia unakotoa wimbo. Kubadili maneno kunahitaji ruhusa ya moja kwa moja. Video nayo ina leseni yake, tofauti kabisa na ya sauti, na hapo ndipo bendi nyingi hushtuka.

Hatua ya 12: Jukwaani

Usiutangaze wimbo. Usiseme "huu mnaujua", usiombe radhi, usitabasamu upande. Anza na gitaa safi, baa mbili, waache wautambue wenyewe. Utasikia mnong'ono ukipita ukumbini, na mpiga ngoma avumilie mpaka upite.

Mwambie fundi mitambo mapema kwamba sauti za pili ni sehemu ya muziki wala si mapambo. Fundi asiyewajua atazishusha kwa sababu ameona bendi ya roki. Uweke wimbo baada ya nusu ya onyesho. Mapema mno utaonekana ndio mtego wenu, na mwisho kabisa utazifunika nyimbo zenu wenyewe.

Kiitikio cha kabla ya mwisho, zimeni ala zote. Mwimbaji arudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye maiki, waliobaki waimbe theluthi zao bila vipaza sauti, na ukumbi utashika melodi. Msiwakatishe. Wakifika mstari wa mwisho, vijiti vinahesabu nne, na wote mnaangukia kwenye D ya wazi.